Kufunga Hita Mpya Kwenye Mini ya Zamani: Mwongozo Kamili wa Maji, Hewa na Kioo

Ndani ya Mini nafasi ni ndogo. Watu wanne wakipanda asubuhi ya baridi na makoti yenye unyevu, kioo cha mbele kinafunikwa na ukungu kabla gari halijafika barabara kuu. Ndiyo sababu mimi naiweka hita kwenye kundi la breki na taa. Huko Uingereza, ambako gari hili limezaliwa, kanuni ya 229 ya Kanuni za Barabarani inamtaka dereva aondoe theluji na barafu kwenye vioo vyote na ahakikishe ukungu umetoka kabisa kabla ya kuondoka. Mwenye Mini huko Njombe, Lushoto au Limuru hana theluji, lakini ukungu wa kioo anaujua vizuri.

Kwa hiyo katika kazi hii yote, kipimo chetu kitakuwa kioo. Hita iliyofungwa vizuri inasafisha kioo cha mbele na kukiacha kisafi safari nzima. Joto la miguuni litafuata lenyewe.

Mini ilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959, ikiwa imebuniwa na Alec Issigonis, na iliendelea kutengenezwa hadi Oktoba 2000. Kwenye matoleo ya bei nafuu ya mwanzo, hita ilikuwa kifaa cha kuongezewa kwa malipo ya ziada. Mwongozo huu ni kwa magari ya kabureta, yale ambayo rejeta yake imesimama pembeni, upande wa kushoto wa injini ukiwa umekaa kwenye kiti. Matoleo ya kuanzia mwishoni mwa 1996 yana rejeta mbele na mfuko wa hewa kwenye usukani. Hayo yana utaratibu wake, usiyafungue kwa kufuata maelezo haya.

Hakikisha kwanza tatizo ni hita

Watu wengi hununua hita nzima kumbe tatizo lilikuwa thamostati, ile vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yapate joto. Washa injini, iache ifikie joto lake la kawaida, fungua koki ya hita (inayoruhusu maji ya moto ya injini yaende kwenye hita) hadi mwisho, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili inayopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria.

Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji yanafika lakini hayapiti: rejeta ndogo iliyo ndani ya hita imeziba, au kuna hewa imekwama. Yote miwili ikiwa baridi, tazama koki. Huenda haifunguki, au kebo yake imechomoka, au tundu lake kwenye silinda hedi limejaa kutu. Ikiwa yote miwili ni moto sana na bado hewa inatoka baridi, upande wa maji ni mzima. Tatizo liko kwenye feni, kilango cha hewa, au sponji za ndani ya boksi la hita. Na ikiwa yote ni vuguvugu tu, hata baada ya kuendesha kwa muda, injini yenyewe haipati joto la kutosha.

Hapo kwenye vuguvugu pana la kusema. Injini ya A-series ya Mini ilipangiwa thamostati tatu: ya nyuzi 82 kwa matumizi ya kawaida, ya 74 kwa nchi za joto, na ya 88 kwa nchi za baridi. Gari lililoishi Mombasa au Dar es Salaam linaweza kuwa na ile ya 74, au lisiwe nayo kabisa, maana mafundi wengi wa Pwani huitoa wakiamini wanaiokoa injini isichemke. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi, na hita yake haitawahi kufanya kazi ipasavyo hata ukiifunga mpya ya bei ghali. Fungua kifuniko cha thamostati juu ya silinda hedi uone kilichomo kabla ya kutoa fedha mfukoni. Kwa Uingereza au nyanda za juu, weka ya 82.

Dalili za hita inayovuja ni tofauti. Zulia la mbele linalowa, ndani ya gari kuna harufu tamutamu, kioo kinapata utando wa ndani unaopakaa badala ya kufutika, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana chini ya injini. Lakini Mini pia ni gari linaloingiza maji ya mvua kirahisi, basi usihukumu kwa zulia peke yake. Gandamiza karatasi nyeupe kwenye unyevu huo: ikitoka na rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) na utelezi, hita imetoboka. Ikitoka na maji matupu, shughulika na milango na sakafu.

Ununue nini

Kampuni ya Smiths ndiyo iliyotengeneza hita nyingi za Mini, na umbo lilibadilika mara kadhaa katika miaka ile 41. Za mwanzo kabisa zilizungusha hewa ya ndani ya gari tu. Zilizofuata zikavuta hewa ya nje kupitia bomba pana. Hizi za hewa ya nje zinasafisha kioo vizuri zaidi kwa sababu hewa ya nje wakati wa baridi, ikishapashwa moto, huwa kavu kuliko ile ambayo abiria wameshaipumua. Kama gari lako lina hita ya aina ya kwanza na unalitumia kila siku, mimi ningehamia ya hewa ya nje. Kama ni la maonyesho, baki na asili yake.

Njia ya bei nafuu ni kubadilisha rejeta ndogo peke yake na kulitumia tena boksi lako. Inafaa kama boksi halijaliwa na kutu na feni inazunguka bila kelele. Boksi likiwa limeoza, tafuta hita nzima, iliyotumika au mpya ya kunakili. Kabla ya kulipa, toa ya zamani au ipige picha pande zote ulinganishe: mahali mabomba mawili ya maji yanapotokea, masikio ya kufungia, na midomo ya mabomba ya kupeleka hewa kwenye kioo. Muuzaji akikuambia “inaingia Mini zote,” mwombe picha.

Rejeta za hita zipo za shaba na za aluminiamu. Ya shaba inaweza kuchomelewa kwa risasi siku ikivuja, nayo huvumilia zaidi mmiliki mvivu wa kubadilisha kulanti. Ya aluminiamu ni nyepesi na mara nyingi bei yake ni ndogo, lakini ukiitilia maji matupu ya bomba italiwa mapema.

Pamoja na hita, nunua vitu hivi kwa safari moja: koki mpya ya hita na gasketi yake, mpira wa hita wenye tundu la nusu inchi (milimita 13), klipu mpya za kukaza kwa bisibisi, raba mbili za matundu ya ukutani, sponji isiyonyonya maji, mabomba mawili ya kupeleka hewa kwenye kioo kama yako yamechanika, na kulanti ya lita mbili isiyochanganywa. Ongeza ule mpira mfupi wenye mikunjo ulio kati ya pampu ya maji na silinda hedi. Mpira huo hupasuka bila taarifa na kuufikia ni taabu, lakini leo maji yatakuwa yameshatolewa, kwa hiyo leo ndiyo siku yake.

Spana ziwe za inchi. Bolti nyingi za Mini ni za UNF, yaani za vipimo vya inchi, na ukilazimisha spana ya milimita utakula pembe za nati mahali ambapo mkono wenyewe unaingia kwa shida. Ya 7/16 na ya 1/2 zitafanya karibu kazi yote. Utahitaji pia bisibisi fupi, kisu kikali, beseni, na taa ya kuweka sakafuni.

Ijaribu hita mpya juu ya meza

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Ziba bomba moja la rejeta ya hita kwa kipande cha mpira kilichokazwa na kizibo. Kwenye bomba la pili unganisha pampu ya baiskeli yenye geji. Izamishe rejeta kwenye beseni la maji, jaza hewa hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 13 au 15, ambayo ndiyo nguvu ya vifuniko vya rejeta vya Mini, halafu subiri. Usizidishe hapo. Kiputo kimoja kinachorudi mahali palepale ni tundu, na rejeta hiyo irudi dukani. Afadhali uligundue hapo kuliko siku ya tatu ukiwa na zulia limelowa.

Kisha feni. Iunge na betri ya volti 12 uitazame inazungukia upande gani na inasukuma hewa wapi. Mini nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1969 zilikuwa na betri ambayo upande wake chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Gari la aina hiyo likiwa halijageuzwa, na hita ya gari jipya zaidi ikifungwa humo bila kuangalia, mota itazunguka kinyume: utasikia mlio mzuri, upepo hautatoka. Geuza nyaya mbili za mota na tatizo limekwisha, ila hakikisha boksi la mota halijagusana na waya wa umeme wala halitumii mwili wa gari kama njia yake ya kurudishia umeme.

Mwisho, kagua sponji. Rejeta ndogo inatakiwa kukaa ndani ya boksi bila mwanya pembeni, ili hewa yote ilazimike kupenya kwenye mapezi yake. Sponji ya zamani huwa imekuwa unga. Fungua skrubu zinazoshikanisha nusu mbili za boksi, safisha, bandika sponji mpya pande zote za rejeta na kwenye ukingo wa kilango cha hewa, kisha funga. Nimeona hita “mbovu” zikipona kwa sponji peke yake. Hewa ikipata mwanya, itapita pembeni na kufika kwenye kioo ikiwa baridi kama ilivyoingia.

Kutoa maji

Injini iwe baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa injini ya moto kwa sababu yoyote ile. Betri ya Mini iko kwenye buti, chini ya sakafu. Chomoa waya uliofungwa kwenye bodi. Fungua koki ya hita, toa kifuniko cha rejeta, weka beseni chini. Rejeta za zamani zina koki ya kumwagia. Zisizo nayo, legeza mpira wa chini.

Kulanti ni sumu na ladha yake tamu huvutia watoto, mbwa na paka. Beseni lisibaki wazi uani hata dakika chache. Pima ulichokitoa kisha kihifadhi kwenye dumu lenye maandishi ukipeleke kunakopokelewa taka za magari.

Sasa, kabla ya kugusa hita, safisha injini. Toa koki ya zamani kwenye silinda hedi. Iko mwisho wa hedi upande wa klachi, yaani kulia ukiwa umekaa kwenye kiti, na inashikwa na nati mbili. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu saa kadhaa kabla. Gasketi iliyobaki ilowanishe kwa maji kabla ya kuikwangua, kwani gasketi za miaka ile zinaweza kuwa na asbesto na vumbi lake halitakiwi kuvutwa puani. Kwangua kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, usichimbe chuma.

Ukiwa na thamostati nje na mpira wa chini umefunguliwa, ingiza mpira wa maji wa bustani kwenye tundu la koki na uache maji yapite taratibu. Yataanza kutoka ya kahawia, pengine na vipande vya kutu. Endelea mpaka yawe meupe. Kwenye bloku, upande unaotazama abiria, kuna kizibo cha kumwagia maji; kikifunguka bila ubishi, kifungue, na usishangae kama hakitoki kitu, maana uchafu hulala hapo. Chokoa kwa waya. Kutu hiyo ndiyo iliyoziba hita yako ya kwanza, na ukiiacha ndani itaziba na ya pili.

Kutoa hita ya zamani

Hita imekaa katikati, chini ya rafu ya dashibodi, mgongo wake ukielekea ukuta wa injini. Tandika plastiki juu ya zulia na matambara juu yake, kwa sababu ndani ya rejeta ndogo kuna maji ambayo hayatoki kwa kumwaga chini.

Anza na mipira miwili upande wa injini. Legeza klipu, lakini usiupinde mpira wala kuuzungusha kwa koleo. Mabomba ya hita ni membamba na yameunganishwa kwa risasi. Mpira uliokaa miaka mingi umeshagandamana nayo, na ukiuvuta kwa nguvu unang'oa bomba kutoka kwenye rejeta. Hata kama rejeta hiyo unaitupa, maji yote yaliyomo yatamwagika ndani ya gari. Upasue mpira kwa kisu kwa urefu, uubandue kama ganda la muhogo, utoke mzima. Kisha ziba mabomba yote mawili kwa vizibo.

Ndani ya gari, chomoa nyaya za feni na uweke alama kila mmoja kwa kipande cha tepu. Katika mpangilio wa rangi uliotumika kwenye magari haya, kijani ni umeme unaopita kwenye fyuzi baada ya swichi kuwashwa, na mweusi ni wa kwenda kwenye bodi. Usitegemee rangi peke yake: gari la miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Vuta yale mabomba mawili yanayokwenda kwenye kioo, na lile pana la hewa ya nje. Fungua kebo ya koki na ya kilango.

Kwenye nyingi, boksi limeshikwa na skrubu mbili mbele, kwenye ukingo wa rafu, na nati nyuma kwenye kishikio chenye mfereji. Nati ya nyuma haihitaji kutolewa yote. Ilegeze tu, kisha inua boksi na ulivute kuelekea kwako huku ukiliweka wima ili mabomba yabaki juu. Kama linagoma, tafuta skrubu iliyoongezwa na mtu kabla ya kutumia nguvu.

Nafasi ikiwa wazi, angalia ukuta wenyewe. Piga brashi ya waya kwenye kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Hutaiona sehemu hii tena kwa miaka.

Kufunga

Anza na koki mpya. Gasketi mpya, nyuso mbili safi na kavu, nati zikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Koki nyingi za kunakili zinazouzwa sasa ni dhaifu na huvuja mapema, kwa hiyo ukipata koki ya akiba ya zamani iliyo nzima au ya ubora uliothibitika, lipa tofauti ya bei. Ifungue na kuifunga kwa mkono mara chache kabla ya kuifunga kwenye gari. Ngumu tangu dukani haitalainika barabarani.

Vaa raba mpya kwenye matundu mawili ya ukuta. Raba hizi zina kazi mbili: kuzuia mpira usikatwe na ncha ya bati, na kuzuia hewa ya chumba cha injini isiingie kwa abiria. Kwenye Mini, bomba la moshi liko upande huohuo wa injini unaotazama ukuta. Moshi ukivuja hata kidogo na tundu likiwa wazi, hita itavuta gesi ya kaboni monoksidi moja kwa moja hadi puani mwa dereva, nayo haina harufu wala rangi. Raba isiyobana vizuri isikubaliwe.

Ingiza mgongo wa boksi kwenye mfereji wa nyuma, inua mbele, tia skrubu mbili bila kukaza. Sasa unganisha mabomba ya kioo kwanza, kabla boksi halijakazwa, kwa sababu baada ya hapo vidole havifiki. Sukuma kila bomba hadi mwisho kwenye mdomo wake, juu na chini, na ulizungushie tepu ya kitambaa. Mara nyingi bomba linaonekana limeingia kumbe limeshika upande mmoja, na nusu ya upepo inaishia nyuma ya dashibodi. Washa feni kwa muda mfupi kwa betri ya pembeni, weka kiganja kwenye nyufa zilizo chini ya kioo. Upepo wa kulia na kushoto ukilingana, kaza boksi.

Mpira unaotoka kwenye koki unakwenda kuingia kwenye hita. Ule mwingine unatoka kwenye hita kurudi kwenye tawi dogo la mpira wa chini wa rejeta. Ukate kila mmoja ukiwa na ziada kidogo. Injini ya Mini hutikisika mbele na nyuma kila unapotoa klachi na kukanyaga mafuta, na mpira uliovutwa hadi mwisho utakuwa unang'ang'ania yale mabomba membamba ya hita kila mara. Wakati huohuo usiwe mrefu kiasi cha kulala juu ya bomba la moshi. Lowanisha ncha kwa kulanti ili iteleze, sukuma ivuke kivimbe cha bomba, weka klipu nyuma ya kivimbe, kaza mpaka mpira uanze tu kufinyika. Mpira wa bustani haufai hapa hata kwa dharura ya siku moja. Joto na shinikizo vitaupasua.

Kebo ya koki: sukuma kitasa cha dashibodi kwenye “funga,” funga koki yenyewe kwa mkono, kisha kaza kebo. Vuta kitasa na uhakikishe koki imefunguka yote. Kama inafika nusu, rudia. Nusu koki ni nusu joto. Kwenye magari ya awali koki haina kebo, inafunguliwa kwa mkono ukiwa umeinua boneti, majira ya baridi yakiingia.

Nyaya mwisho. Waya wa kwenda kwenye bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Kujaza maji na kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Changanya kulanti na maji laini, yaliyochujwa madini kama unayapata. Nusu kwa nusu hulinda hadi takribani nyuzi 36 chini ya sifuri, ambayo ni zaidi ya inavyohitajika Uingereza. Kwa nyanda za juu za Afrika Mashariki theluthi moja inatosha, na hapo faida yake kuu ni kuzuia kutu na ulaji wa chuma. Soma chupa: ikiwa imeshachanganywa kiwandani, usiongeze maji.

Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, kwenye mteremko au juu ya rampu imara, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa. Chomoa ncha ya mpira upande wa koki, uinue juu ya usawa wa hita, weka faneli, mimina taratibu. Mchanganyiko utapita ndani ya hita, utarudi kwa mpira wa pili na kuanza kupanda kwenye rejeta kubwa. Ukikataa kushuka, finyafinya mipira kwa mkono. Hita ikishajaa, rudisha mpira kwenye koki, kaza klipu, kisha endelea kujaza kupitia mdomo wa rejeta mpaka usawa ukae sentimita 2 au 3 chini ya ukingo.

Sasa hesabu. Mfumo mzima wa Mini yenye hita unachukua takribani lita 3.55. Umesafisha injini kwa maji, kwa hiyo masalio machache yatakuwepo, lakini kama imeingia lita mbili na nusu tu na rejeta inaonekana imejaa, kuna hewa imekaa mahali. Usianze safari kwa matumaini.

Rudisha betri. Washa injini bila kifuniko, hita imefunguliwa yote, iache ilale kwenye mzunguko wa chini. Viputo vitatoka. Mpira wa juu wa rejeta utakaa baridi kwa muda, halafu ghafla upate moto: thamostati imefunguka. Usawa utashuka, ongeza, subiri tena. Gusa ile mipira miwili ya hita. Wa kuingilia uwe moto, wa kutokea uwe na joto linalokaribiana nao. Ndipo ufunge kifuniko, na kama raba ya kifuniko imepasuka, badilisha. Kifuniko kisichoshika shinikizo kitakunyima joto na kukumalizia maji.

Jaribio la kioo

Safisha kioo upande wa ndani kwa sabuni kidogo na maji, kikauke. Utando wa zamani ukibaki, ukungu utaushika hata kama hita ni nzuri. Endesha gari dakika kumi na tano hivi, elekeza kilango kwenye kioo, washa feni. Fungua dirisha kidogo, hewa yenye unyevu ipate pa kutokea. Ukungu uanze kuondoka chini, juu ya nyufa za hewa, na kupanda pande zote mbili kwa usawa. Ukibaki upande mmoja, rudi kwenye bomba la upande huo. Ukiondoka halafu ukarudi ukiwa na harufu tamu, zima gari na utafute kinachovuja.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uongeze kilichopungua. Pitia klipu zote nusu mzunguko, kwa kuwa mpira mpya hulegea ukishapata moto na kupoa mara ya kwanza. Tandika gazeti kavu chini ya hita kwa wiki moja. Tone moja litaonekana hapo kabla zulia halijalowa. Kulanti ya kawaida ya aina ya zamani ibadilishwe kila miaka miwili, na hata wakati wa kiangazi fungua koki ya hita mara moja kwa mwezi isije ikakwama. Siku geji ya joto ikipanda kwenye foleni, ifungue yote na uwashe feni: hita ni rejeta ya pili, itakusaidia kuishusha mpaka upate mahali salama pa kuegesha.